Ndege imefutwa, simu haipokelewi: mtafute anayeweza kugusa tiketi yako

Nauza tiketi za ndege Kariakoo, Dar es Salaam. Abiria wangu wengi ni wafanyabiashara wa Guangzhou na Dubai, wanafunzi, na watu wanaokwenda kuwaona ndugu zao Muscat. Siku safari zikivurugika, simu yangu huanza kuita kabla ya adhana ya alfajiri, na kilio ni kile kile: "Nimepiga shirika la ndege mpaka salio limeisha, hawapokei." Wengine wamepokelewa, wameongea nusu saa nzima, na bado wamekwama. Hao ndio wanaoniuma zaidi, maana muda wao wote umeishia kwa mtu asiye na uwezo wa kubadilisha chochote.

Ndiyo maana maelezo haya nimeyapanga kwa dalili. Tafuta inayokuhusu, ujue chanzo chake, halafu uende kwa mtu ambaye mfumo unamruhusu kugusa tiketi yako. Wa kukupa pole wapo wengi. Wa kuibadilisha tiketi ni wachache, na siku ya vurugu wanakimbiliwa na ndege nzima.

Hujui upige kwa nani, au unaambiwa buking yako haipo

Toa tiketi yako, uandike namba mbili kwenye karatasi. Ya kwanza ni namba ya buking, herufi na tarakimu sita zilizochanganyika, ambayo sisi mawakala tunaiita PNR. Ya pili ni namba ya tiketi yenyewe, tarakimu 13, na hii abiria wengi hawajawahi kuiangalia. Tarakimu 3 za mwanzo zinalitaja shirika lililotoa tiketi: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian, 157 ni Qatar Airways, 176 ni Emirates, 074 ni KLM.

Kwa nini hili ni muhimu? Kwa sababu shirika lililokuuzia tiketi na shirika linalorusha ndege yanaweza kuwa mawili tofauti. Mashirika huuziana viti, na kila moja linaweza kuwa na PNR yake kwa safari hiyo hiyo. Ukilitajia shirika la pili PNR ya shirika la kwanza, utajibiwa "haipo kwenye mfumo", nawe utadhani umetapeliwa. Waambie watafute kwa namba ya tiketi. Siku yenyewe ya safari anza na mwenye ndege, yaani lile shirika ambalo tiketi inasema ndilo linaloendesha safari hiyo. Kama bado kuna siku kadhaa mbele, anza na aliyetoa tiketi.

Na simu za uwanjani zina kelele. M inasikika N, B inasikika D. Zitaje herufi kwa majina ya miji inayojulikana duniani: M ya Madrid, N ya Nairobi, B ya Berlin. Ukisema B ya Bagamoyo kwa mhudumu aliyeko bara jingine, mtaanza upya.

Simu inaita, muziki unapigwa, dakika arobaini zinapita

Chanzo cha kawaida ni kwamba ndege moja imefutwa na abiria mia mbili wamepokea ujumbe wenye namba moja. Wote wanaipiga dakika hiyo hiyo. Dawa ni kuiacha namba hiyo.

Mashirika makubwa yana namba kwa kila nchi, na mhudumu wa nchi nyingine anaweza kuifungua buking yako ile ile. Ingia kwenye ukurasa wa mawasiliano wa shirika, badilisha nchi, utazame ni wapi ofisi ziko wazi. Dar ikiwa saa kumi usiku, Guangzhou ni saa tatu asubuhi na ofisi zinafunguliwa. New York ni saa mbili au saa tatu usiku, kutegemea majira yao. Kama unajua Kiarabu, au kama wewe ni wa Goma au Bukavu na Kifaransa unakimudu, chagua lugha hiyo mashine inapokuuliza. Foleni ya Kiingereza mara nyingi ndiyo ndefu zaidi. Na mashine ikiuliza shida yako ni nini, usibonyeze malalamiko. Bonyeza kununua tiketi au kubadilisha safari, kwa sababu huko ndiko wanakokaa watu wa kugusa tiketi.

Simu ikikatika yenyewe baada ya dakika chache, angalia salio kwanza kabla ya kulilaumu shirika. Vifurushi vingi vya dakika ni vya ndani ya nchi. Ukipiga nje unakatwa salio la kawaida, na linakwisha upesi. Namba za bure zinazoanza na 0800 nazo mara nyingi hazipatikani kutoka nje ya nchi yake. Tafuta namba ya kawaida yenye msimbo wa nchi.

Wakati simu inaita, usikae bure. Andika ujumbe kwenye programu ya shirika au kwenye akaunti yao rasmi, na uandike yote kwa mkupuo mmoja: jina kama lilivyo kwenye pasipoti, PNR, namba ya tiketi, ndege iliyofutwa na tarehe yake, ndege unayotaka kuhamishiwa, namba yako ya simu. Anayeanza na "Habari, naomba msaada" akasubiri kujibiwa, atajibiwa baada ya saa mbili kwa swali la PNR, kisha atasubiri saa mbili nyingine.

"Wasiliana na wakala wako"

Neno hili linawakatisha watu tamaa, na wakati mwingine ni kweli. Tiketi iliyotolewa na wakala iko mikononi mwa wakala, na mhudumu wa shirika anaweza kuwa haruhusiwi kuibadilisha. Lakini mambo hubadilika ukikaribia muda wa kuondoka, hasa shirika lenyewe ndilo likiwa limefuta au limesogeza ndege. Hapo sema wazi: "Safari yangu ni ndani ya saa 24, na mabadiliko mmeyafanya ninyi, sikuyaomba." Maneno hayo mawili, muda na nani aliyebadilisha, ndiyo yanayomfanya mhudumu afungue ukurasa mwingine wa taratibu zake. Akikataa bado, mwombe kwa upole akupeleke kwa msimamizi, au kata simu upige tena. Mhudumu wa pili mara nyingi hujibu tofauti na wa kwanza.

Kama wakala ni duka la mtandaoni ambalo halina hata simu, usipoteze siku yako huko. Nenda kaunta ya tiketi uwanjani.

Kwa upande wetu mawakala kuna kosa moja ambalo abiria anapaswa kulijua. Wengi wetu tunaweka namba ya ofisi kwenye buking. Mimi nilifanya hivyo miaka ya mwanzo, mpaka abiria mmoja akaenda uwanjani usiku kwa ndege iliyokuwa imefutwa tangu adhuhuri, ujumbe wa shirika umelala kwenye simu iliyofungiwa dukani. Alikuwa na watoto wawili. Tangu siku hiyo naweka namba ya abiria mwenyewe, na namwonyesha. Siku ya kukata tiketi, mwambie wakala wako afanye hivyo mbele yako.

Jambo jingine: hata shirika lisipopokea simu, wakala anaiona hali ya safari yako kwenye skrini. Safari isiyokuwepo tena huonekana ikiwa na alama UN au HX, na ile mpya waliyokupangia huja na alama TK. Muulize, "Buking yangu ina alama gani sasa hivi?" Atajua kwamba unajua unachokiuliza, na hatakujibu kwa kukisia.

Foleni ya dawati haisogei

Mwaka fulani mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge alinipigia simu akiwa uwanja wa kuunganishia, njiani kurudi nyumbani. Ndege yao ilikuwa imefutwa usiku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wametushusha, ndege haipo. Foleni imefika mpaka mlango wa choo na dawati lina dada mmoja tu. Simu yangu ina asilimia tisa."

Nilimwambia mambo matatu: asitoke kwenye foleni, anisomee namba ya tiketi, kisha azime data abaki na simu ya kawaida. Namba alikuwa ameikunja ndani ya pochi ya kiunoni, kwenye karatasi niliyompa mwenyewe. Akaisoma tarakimu moja moja, nami nikairudia. Halafu nikapiga ofisi ya shirika hilo katika nchi nyingine, ambako ilikuwa asubuhi. Walipokea baada ya dakika sita. Kulikuwa na ndege yao alasiri ikipitia mji mwingine, na viti viwili vimebaki. Nikaomba kimoja, nikangoja mpaka tiketi ikatolewa upya, nikamtumia ujumbe mfupi wa kawaida wenye namba mpya, muda na lango. Mbele yake kulikuwa bado na watu kama thelathini.

Kwa hiyo simama kwenye foleni, lakini usiitegemee peke yake. Mtu wa nyumbani mwenye salio na mtandao mzuri anaweza kufanya kazi ambayo wewe huiwezi ukiwa umebeba begi na chaja haina pa kuchomeka. Mwachie namba zako mbili kabla hujasafiri. Uwanjani kwenyewe angalia pia kaunta ya kuuzia tiketi, ambayo huwa mbali na dawati la abiria wanaounganisha na mara nyingi haina watu. Lakini usitoke eneo la kuunganishia kabla hujauliza, kwa sababu viwanja vingine huwezi kutoka bila viza.

Kaunta haina mtu kabisa, au mfumo uko chini

Tarehe 11 Septemba 2024 wafanyakazi wa uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, waligoma kupinga mpango wa kuukabidhi uwanja kwa kampuni ya Adani ya India. Abiria walikesha nje na mizigo yao. Siku kama hiyo kusimama mbele ya kaunta hakusaidii, kwa sababu anayeweza kugusa tiketi hayupo jengoni. Piga nje ya nchi, au nenda ofisi ya shirika mjini ikishafunguliwa.

Tarehe 19 Julai 2024 ilikuwa tofauti: sasisho bovu la programu ya usalama ya kompyuta ya CrowdStrike lilizima kompyuta nyingi duniani kote, na baadhi ya viwanja viliandika pasi za kupandia kwa mkono. Mfumo ukiwa chini, simu na kaunta zote haziwezi kitu. Hakikisha jina lako limeandikwa kwenye orodha yoyote ya karatasi inayopita, uipige picha, ukae karibu.

Usiku wa 23 Juni 2025 Qatar ilipofunga anga yake, ndege zilizokuwa zinaelekea Doha, kituo kikuu cha Qatar Airways, zilielekezwa kwingine. Kituo kikuu kikifungwa hivyo, hakuna namba ya shirika hilo popote duniani isiyo na foleni. Ukiwa bado nyumbani na safari yako ni ya siku nne mbele, waachie laini waliolala sakafuni. Shirika likianza kupanga upya litakufikia, na huenda likaruhusu kubadilisha tarehe bure kwenye tovuti yake.

Umepata mtu, anasema hakuna nafasi mpaka keshokutwa

Mhudumu amechoka, na mfumo umemletea njia ile ile uliyonunua. Anachokiona ni kweli, ila hajatazama kwingine. Mtazamie wewe. Kabla hajapokea, uwe umeshafungua tovuti na kujua ndege tatu zinazokufaa, kwa namba zake. Kumwambia "naomba uangalie ndege namba fulani ya kesho saa fulani, naona bado inauzwa" ni rahisi kwake kuliko "nitafutie yoyote".

Taja pia viwanja vya jirani. Wa Dar anaweza kuondokea Zanzibar au Kilimanjaro. Wa Nairobi anaweza kuondokea Mombasa. Uliza kama wana makubaliano na shirika jingine la kukubebea. Ila usipande boti kwenda Zanzibar kwa matumaini. Tiketi ibadilishwe kwanza iseme Zanzibar, ndipo uende.

Umehamishwa ndege, lakini kaunta inasema huna tiketi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoangukia baada ya kudhani wamemaliza.

Buking na tiketi ni vitu viwili. Buking ni kiti kilichoandikwa jina lako. Tiketi ni ile hati ya tarakimu 13 inayoonyesha kwamba kiti hicho kimelipiwa. Mhudumu anaweza kukuhamishia kiti kwenye ndege ya kesho, ukapata barua pepe nzuri yenye ndege mpya na saa mpya, lakini tiketi ikabaki imefungwa kwenye ile ndege iliyofutwa. Ukifika kaunta ya chekini, mfumo unaona jina bila malipo, na dada wa kaunta anakwambia ukweli wa skrini yake: huna tiketi. Dakika sitini kabla ya kuruka, unaanza upya kutafuta mtu.

Nimeliona hili mara nyingi kuliko tatizo jingine lolote, na zaidi safari inapohusisha mashirika mawili. La kwanza linahamisha, la pili linasubiri tiketi isiyokuja.

Basi usikate simu kabla ya kuuliza: "Tiketi imeshatolewa upya, au umebadilisha buking tu?" Akisema imetolewa, muulize namba, uiandike. Mara nyingine namba hubaki ile ile na safari mpya huunganishwa nayo, sawa tu, mradi athibitishe kwa mdomo wake. Akisema "itashughulikiwa", muulize na nani, na lini. Halafu baada ya saa moja jaribu kufanya chekini kwenye programu au tovuti kama dirisha limefunguliwa. Ikikubali, umemaliza. Ikikataa, una muda wa kupiga tena ukiwa umekaa nyumbani, si mbele ya kaunta na foleni nyuma yako.

Na angalia safari nzima, pamoja na kurudi. Wakati wa kurekebisha kwenda, wahudumu husahau kurudi.

Aliyekujibu amejibu haraka mno

Ukilalamika hadharani kwenye X au Facebook, ndani ya dakika chache hutokea akaunti yenye nembo ya shirika, inakuita "mteja mpendwa", inaomba namba ya WhatsApp, kisha namba ya kadi au ile namba ya siri inayokuja kwa ujumbe mfupi ili "wakurudishie nauli". Hao ni wezi. Namba za uongo hupandwa hata kwenye matokeo ya utafutaji wa Google. Chukua namba ndani ya programu ya shirika au kwenye tovuti yao uliyoiandika mwenyewe. Hakuna shirika linalohitaji namba yako ya siri ili likupe kiti.

Unaambiwa wewe ndiye uliyechelewa

Chanzo mara nyingi ni saa. Tiketi huandika saa za kizungu: 02:15 ni saa nane na robo usiku, na wako wanaoisoma kama saa mbili. Mbaya zaidi ni tarehe. Ndege ya 00:40 tarehe 12 inaondoka usiku wa kuamkia tarehe 12, maana yake jioni ya tarehe 11 unatakiwa uwe njiani kwenda uwanjani.

Ikishakutokea, kimbilia kaunta ya tiketi mara hiyo hiyo, au piga. Usipotokea kwenye kipande cha kwanza cha safari, mfumo hufuta vipande vyote vinavyofuata, pamoja na kurudi. Kama bado ndege haijaondoka na unajua hutaiwahi, waarifu kabla ya muda wake. Hilo ndilo linaloiokoa tiketi iliyobaki.

Umepata ndege, lakini umelala kwenye kiti na hujala

Hapa inategemea ulikotoka na shirika lako. Kwa ndege inayoondoka nchi ya Umoja wa Ulaya, au inayokwenda huko kwa shirika la Ulaya, kanuni namba 261 ya mwaka 2004 inataka upewe chakula na hoteli, na kwa safari ya zaidi ya kilomita 3,500 fidia hufika euro 600; fidia hiyo hailipwi chanzo kikiwa kitu kilicho nje ya uwezo wa shirika, kama hali mbaya ya hewa. Kwa hiyo abiria wa KLM kutoka Kilimanjaro kwenda Amsterdam amo. Kwingine unaweza kutumia Mkataba wa Montreal wa 1999, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga ambao Tanzania na Kenya ni wanachama, kudai hasara uliyoipata kwa kucheleweshwa. Tunza risiti zote.

Shirika likinyamaza, Tanzania peleka malalamiko kwa maandishi TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga, au kwenye baraza lake la watumiaji, TCAA CCC. Kenya ni mamlaka kama hiyo, KCAA. Watakuuliza ulipiga lini, uliongea na nani, alikuahidi nini. Yaandike hayo nyuma ya karatasi ile ile yenye namba zako mbili, saa na jina la kila aliyepokea, ukiwa bado uwanjani.